Sauti ya chuma kabla ya risasi: historia ya mkono wa kukoki bunduki

Familia nyingi zilizokimbia Rutshuru, Masisi au Djugu zinaijua sauti moja ambayo haifundishwi shuleni. Ni usiku, mvua imekatika, mbwa wamenyamaza, na nje ya nyumba chuma kinasugua chuma mara mbili: kra, kisha tak. Hakuna risasi iliyolia bado. Lakini mama amekwisha kumziba mtoto mdomo, na baba amekwisha kuangalia mlango wa nyuma.

Sauti hiyo inatoka kwenye kipande kidogo cha chuma, karibu urefu wa kidole, kinachochomoza ubavuni mwa bunduki. Kiswahili cha Tanzania na Kenya kinasema askari "amekoki" bunduki, neno lililotoka kwenye Kiingereza. Kwa Kifaransa cha jeshi, kazi hiyo ni armer, na kipande chenyewe ni levier d'armement. Hapa kitaitwa mkono wa kukoki.

Mkono huo una historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo imepita katika nchi ya Kongo. Una pia jambo moja lililofichika ndani yake, ambalo limewaua watu walioamini kwamba bunduki iliyo mbele yao ni tupu. Ili kulielewa, ni lazima kwanza kujua kwa nini sauti ni mbili na si moja.

Risasi nzima ni ganda la shaba au la chuma, lenye baruti ndani. Mbele kuna kichwa kinachoruka, na kwenye kitako kuna kitone cha dawa inayowaka ikigongwa. Bunduki haiwezi kuipiga risasi ikiwa bado iko ndani ya kile kisanduku cha chini ambacho askari wanakiita chargeur. Ni lazima risasi itoke humo, ipande, iingie kwenye tundu lililo nyuma ya mtutu. Tundu hilo ni chemba. Nyuma ya chemba kuna kipande kizito cha chuma kinachoifunga jinsi komeo linavyofunga mlango. Ndani ya komeo hilo kuna pini nyembamba ya kugonga kile kitone.

Askari anapouvuta mkono wa kukoki, anavuta komeo lirudi nyuma. Springi inabanwa, nyundo ya ndani inalazwa tayari. Hiyo ndiyo kra. Anapouachia, springi inalisukuma komeo mbele kwa nguvu. Likipita, linaikwangua risasi ya juu kabisa kwenye chargeur, linaisukuma hadi chemba, kisha linajifunga. Hiyo ndiyo tak. Kuanzia hapo, kinachobaki ni kidole tu.

Haikuwa hivyo tangu zamani. Bunduki ya kwanza kubebwa kwa wingi na askari wa Force Publique, jeshi ambalo Mfalme Léopold II aliliunda kwa ajili ya Dola Huru ya Kongo, haikuwa na mkono wa namna hiyo. Iliitwa Albini. Jina ni la afisa wa jeshi la majini la Italia aliyeibuni, na Ubelgiji uliichukua mwaka wa 1867 kwa ajili ya jeshi lake. Ilipokuwa imepitwa na wakati huko Ulaya, ikaletwa huku. Jambo hilo la kupokea silaha zilizochoka za wengine halikuanza jana.

Albini ilikuwa na nyundo kubwa ya nje, ubavuni. Askari aliirudisha nyuma kwa kidole gumba, akafunua kifuniko cha chuma kilicho juu ya chemba, akatia risasi moja kwa mkono, akafunika, akalenga, akafyatua. Kisha akaanza upya. Chargeur haikuwepo. Kila risasi ilipita katika vidole vya mtu, kwa hiyo kila risasi iliweza kuhesabiwa.

Na zilihesabiwa kweli. Mwaka wa 1903, Roger Casement, konseli wa Uingereza katika Kongo, alipanda mto hadi maeneo ya mpira akiwasikiliza watu. Ripoti yake ilitolewa mwaka wa 1904. Humo alieleza habari aliyopewa: askari waliokwenda kudai mpira walipewa risasi kwa idadi, walitakiwa kurudisha zile ambazo hazikutumika, na kwa kila iliyotumika walete mkono wa kuume wa mtu. Na pale askari alipotumia risasi kuwinda nyama, aliweza kukata mkono wa mtu aliye hai ili hesabu itimie. Watu wengi wanazijua picha za mikono iliyokatwa. Ni wachache wanaokumbuka kwamba nyuma ya picha hizo kulikuwa na bunduki ya risasi moja moja, na afisa mwenye daftari.

Wakati huohuo, huko Ubelgiji mambo yalikuwa yanabadilika. Mwaka wa 1889, katika mji mdogo wa Herstal karibu na Liège, kilianzishwa kiwanda ambacho jina lake fupi ni FN. Kilianzishwa kwa kazi moja: kutengeneza bunduki 150.000 za Mauser kwa ajili ya jeshi la Ubelgiji. Mauser ya mwaka huo ilikuwa na kitu kipya kwa Wabelgiji. Risasi tano zilitiwa kwa pamoja kutoka juu, na ubavuni palikuwa na mkono mnene wenye kichwa cha mviringo. Askari aliuinua mkono huo, akauvuta nyuma, ganda tupu likaruka nje. Akausukuma mbele, risasi mpya ikaingia. Akaulaza chini, komeo likafungwa kama la mlango wa choo cha mbao. Kila mtu aliyewahi kufunga komeo la namna hiyo ameshaielewa Mauser.

Huo tayari ulikuwa mkono wa kukoki kwa maana tunayoijua leo, lakini bado ulikuwa unafanya kazi kila mara. Risasi tano, mivuto mitano. Askari alipochoka, bunduki nayo ilichoka.

Katika Vita Vikuu vya Kwanza, Force Publique iliingia Afrika ya Mashariki ya Wajerumani chini ya Jenerali Charles Tombeur, ikauteka Tabora tarehe 19 mwezi wa tisa 1916. Vita vilipoanza, askari wengi Wakongomani walikuwa bado na Albini. Baruti yake nyeusi ilitoa moshi mzito, hivyo askari akipiga risasi mara moja tu, adui amekwisha kuona amejificha wapi. Askari wengi wa Wajerumani nao walianza vita na bunduki za zamani za moshi kama huo. Kwa hiyo katika pori hilo Waafrika wa pande mbili walipigana na mitambo ambayo mabwana zao wenyewe walikuwa wameshaiweka kando huko kwao.

Lakini mageuzi makubwa ya mkono wa kukoki yalikuwa yametokea mapema zaidi, London, mwaka wa 1884. Hiram Maxim, Mmarekani aliyehamia Uingereza, alijiuliza swali rahisi. Bunduki inapopiga, inasukuma bega la mtu nyuma. Nguvu hiyo inapotea bure. Kwa nini isifanye kazi ya mkono?

Akatengeneza bunduki ambayo msukumo huo uliirudisha mitambo nyuma, ukatoa ganda, na springi ikaleta risasi nyingine. Askari wa Maxim alikuwa na mkono wa kuzungusha upande wa kulia. Aliuzungusha mara mbili kuingiza mkanda wa risasi, na baada ya hapo bunduki ilijiendesha yenyewe, karibu risasi 600 kwa dakika, mradi kidole kimebana.

Vijana wa moto wataelewa haraka. Zamani pikipiki nyingi ziliwashwa kwa kupiga kiki kwa mguu. Dereva anapiga kiki mara moja, injini inashika, halafu mguu hauna kazi tena mpaka injini izimike. Mkono wa kukoki baada ya Maxim ni hiyo kiki. Unaamsha. Risasi ya kwanza ni ya mtu, zinazofuata ni za bunduki yenyewe. Ule wakati wa Albini ambapo kila risasi ilipita katika vidole ulikwisha hapo, na pamoja nao ikaisha ile nafasi fupi kati ya risasi na risasi ambayo mtu mwenye bahati aliweza kukimbia.

Tangu hapo, mafundi wamebishana juu ya mambo mawili tu: mkono ukae wapi, na utembee au utulie wakati bunduki inapiga. Linaonekana jambo dogo. Si dogo hata kidogo kwa yule anayeishi karibu na bunduki.

Katika Vita Vikuu vya Pili, Waingereza waliokuwa na haraka walitengeneza Sten, bunduki fupi ya mabomba na springi, kuanzia mwaka wa 1941. Zilitoka mamilioni. Sten ilifanya kazi kinyume cha yale yaliyoelezwa hapo juu. Askari alivuta mkono, komeo likarudi nyuma na kubaki huko likiwa limenaswa. Alipobana kidole, komeo liliruka mbele, likachukua risasi na kuipiga papo hapo. Rahisi, bei ndogo. Lakini kama komeo liko mbele na chargeur imejaa, na bunduki ikaanguka kitako chini, lile komeo zito liliruka nyuma lenyewe kwa kishindo, kisha springi ikalirudisha mbele na risasi ikalia. Hakuna aliyegusa kitu. Askari wengi waliiogopa Sten yao wenyewe kuliko ya adui, na baadaye mafundi waliongeza namna ya kuusukuma mkono wa kukoki ndani ili ulishike komeo lisitembee.

Bunduki fupi za ukoo huo zilifika hapa kwetu. Vigneron, ya Kibelgiji, iliyoanza kutumika mwaka wa 1953, ilibebwa na Force Publique na baadaye na jeshi la Kongo huru. Katika picha za miaka ya 1960 inaonekana mara nyingi, fupi, chargeur ndefu ikining'inia chini. Mafundi wake waliweka kizuizi nyuma ya mshikio, ili isilie mpaka kiganja kiishike vizuri. Walikuwa wamejifunza kwa makosa ya wengine.

Huko Herstal, fundi mmoja anaitwa Dieudonné Saive alikuwa na fikra tofauti. Saive alifanya kazi katika kiwanda cha FN pamoja na John Browning, Mmarekani mashuhuri wa silaha, ambaye alifia hukohuko kiwandani mwaka wa 1926. Baada ya vita, Saive alitoa bunduki ya mwaka wa 1949, ambayo Kongo ya Wabelgiji pia iliinunua, kisha mwaka wa 1953 ikaja ile iliyompa jina: FAL.

Katika FAL, Saive aliuweka mkono wa kukoki upande wa kushoto. Sababu yake ni ya kawaida kabisa. Watu wengi wanatumia kuume. Mkono wa kuume ukae pale pale kwenye mshikio, karibu na kidole, na ule wa kushoto ndio uvute. Pia mkono wa FAL hautembei bunduki ikipiga: ukishauvuta na kuuachia, unakaa mbele umetulia wakati komeo linakwenda na kurudi ndani. Na risasi ya mwisho ikiisha, komeo linabaki nyuma wazi. Askari anajua amemaliza. Na mtu mwingine akitazama kwa pembeni, anaweza kuona shimo lililo wazi.

FAL ilienea katika nchi zaidi ya 90. Jeshi la Kongo, ANC, lilikuwa nayo katika miaka ya 1960. Wazee waliokuwa vijana wakati wa maasi ya Simba mwaka wa 1964 wanaikumbuka kwa urefu wake, zaidi ya mita 1, na kwa mlio wake mzito.

Bunduki iliyoiondoa FAL machoni pa watu ilitoka mbali zaidi. Mikhail Kalashnikov alizaliwa mwaka wa 1919 katika jimbo la Altai huko Urusi, akawa askari wa kifaru, akajeruhiwa mwaka wa 1941 katika mapigano ya Bryansk. Akiwa hospitali alianza kuchora silaha. Bunduki yake ilikubaliwa na jeshi la Kisovieti mwaka wa 1949.

Kalashnikov alifanya kinyume cha Saive karibu katika kila jambo. Mkono wa kukoki aliuweka upande wa kulia, na hakuutenganisha na mitambo ya ndani. Ni kipande kimoja cha chuma pamoja na kile kibebea komeo. Kwa hiyo bunduki inapopiga, mkono nao unakwenda nyuma na mbele kwa kila risasi, haraka kuliko jicho. Aliyeweka kidole pale ataumia. Lakini kuna faida ambayo majeshi maskini yaliipenda. Kama matope au kutu vimekwamisha komeo, mtu anaweza kuupiga ule mkono kwa kiganja, na nguvu yake inafika moja kwa moja kwenye mitambo. Katika FAL huwezi kulisukuma komeo mbele kwa namna hiyo, isipokuwa katika aina chache zilizotengenezwa maalum.

Ubavuni, juu ya njia anamopita mkono, Kalashnikov aliweka bamba refu. Likiwa juu, linafanya kazi mbili: linazuia bunduki isilie, na linaziba ule mwanya ili vumbi lisiingie. Likiwa juu hivyo, mkono hauwezi kuvutwa hadi mwisho. Ndiyo maana, kabla ya kra na tak, aliye karibu sana anaweza kusikia sauti ya tatu, kavu: bamba likishushwa. Na jinsi lilivyopangwa, hatua ya kwanza chini ni ya kumimina risasi mfululizo, na ya mwisho kabisa chini ndiyo ya risasi moja moja. Mtu mwenye woga anayelishusha nusu tu, bila kujua, ameichagua ile ya kumimina.

Wamarekani nao walipita njia yao. Katika M16, iliyotokana na kazi ya Eugene Stoner, mkono uko nyuma kabisa juu ya kitako, unavutwa kwa vidole viwili kama herufi T. Hautembei wakati wa kupiga. Lakini pia hausukumi mbele, na kwa sababu hiyo jeshi lilitaka kiongezwe kitufe ubavuni cha kulisukuma komeo lililokwama. Kalashnikov hakuhitaji kitufe hicho.

Kwa Kongo, jambo lililokuwa na uzito ni jingine: ile bunduki ya mkono wa kulia ni fupi, chini ya sentimita 90, na springi yake si ngumu. Mtoto wa miaka 10 anaweza kuivuta hadi mwisho. Mwaka wa 1996 na 1997, AFDL ya Laurent-Désiré Kabila ilitembea kutoka mashariki hadi Kinshasa, ikaingia huko tarehe 17 mwezi wa tano 1997, na kati ya askari wake walikuwemo watoto ambao nchi nzima iliwaita kadogo. Katika Ituri mambo hayo yalirudia. Tarehe 14 mwezi wa tatu 2012, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko La Haye ilimhukumu Thomas Lubanga kwa kosa la kuwaandikisha na kuwatumia vitani watoto walio chini ya miaka 15, katika mwaka wa 2002 na 2003. Baadaye alipewa kifungo cha miaka 14. Mtoto hakuweza kupigana na Albini kwa namna hiyo. Ilimdai urefu, subira na mazoezi. Tangu mkono wa kukoki ulipogeuka kuwa kiki tu, umri wa kushika silaha ulishuka.

Sasa lile jambo lililofichika.

Turudi kwenye tak. Komeo likisharudi mbele, risasi moja imeshatoka kwenye chargeur na kulala ndani ya chemba. Mtu akiitoa chargeur, akaiweka mfukoni, akawaonyesha watu kwamba bunduki haina kitu chini, ile risasi moja bado iko. Haionekani. Bunduki nyingi, na Kalashnikov ikiwa mojawapo, zitaipiga risasi hiyo kama kawaida ingawa chargeur haipo kabisa. Chargeur ya kawaida ya Kalashnikov inabeba risasi 30. Aliyekoki kisha akaongeza risasi moja ili ijae tena anatembea na 31, na aliyezihesabu 30 mezani atasema zote zimetimia.

Na tofauti na FAL, Kalashnikov ikimaliza risasi ya mwisho komeo halibaki nyuma. Linarudi mbele na kujifunga, sawa kabisa na siku iliyojaa. Kwa kuitazama kwa nje, iliyo tupu na iliyo na risasi moja ni ndugu mapacha. Hapo fikra ya fundi Mrusi, aliyetaka vumbi lisiingie, imekuwa mtego kwa mtu ambaye hakuwahi kuwa askari: mtoto anayeokota bunduki iliyotupwa shambani, kijana anayeonyeshwa silaha na rafiki yake, mke ambaye bwana yake ameitundika ukutani akisema usiogope, nimetoa risasi.

Sinema zimezidisha kosa. Katika filamu, mtu anakoki bunduki, anatisha, dakika mbili baadaye anakoki tena ili atishe zaidi. Kama kweli ilikuwa na risasi, huo mvuto wa pili ungeirusha chini risasi nzima ambayo haijapigwa, ingelia kwenye sakafu mbele ya miguu yake. Katika filamu hairuki. Watoto wa kambini wanaocheza na bunduki za miti wanaiga hivyohivyo, kra-tak, kra-tak kwa midomo, na wanajifunza kwamba mkono ule ni wa kutisha tu.

Yule mama wa usiku, naye, anaisoma sauti vizuri, lakini kuna kitu kimoja sauti haimwambii. Akisikia kra na tak, anajua mtu ametayarisha silaha sasa hivi. Asiposikia kitu, hawezi kujua lolote. Wengi wanaotembea usiku wamekwisha kukoki mbali, huko barabarani, na wanafika mlangoni kimya, bamba tu likibakia kushushwa. Ukimya si habari njema. Ndiyo sababu watu waliokaa miaka mingi katika vita hawangojei sauti hiyo ili waamke. Wanaamshwa na mbwa, au na mbwa kunyamaza ghafula.

Pale ambapo wapiganaji wanarudisha silaha zao, kazi ya kuzipokea inafuata mpangilio ambao hauruhusiwi kugeuzwa. Mtutu unaelekezwa mahali pasipo na mtu. Chargeur inatolewa kwanza. Baada ya hapo tu ndipo mkono wa kukoki unavutwa hadi mwisho, na risasi iliyolala kwenye chemba inaruka nje. Kisha mtu anachungulia ndani, na mwingine anachungulia baada yake. Akianza kwa kuvuta mkono huku chargeur ikiwa bado mahali pake, risasi moja itaruka kweli, kila mtu ataiona chini, na papo hapo komeo litaingiza nyingine. Halafu chargeur itatolewa mbele ya mashahidi, na bunduki itawekwa kwenye rundo ikiwa imejaa.

Kazi hiyo ni ya wenye mafunzo. Raia anayeikuta bunduki njiani, shambani au ndani ya nyumba aliyorudia baada ya miezi ya kukimbia, hana haja ya kujua chemba ina nini. Kuuvuta ule mkono ili aangalie ndiko kunakoweza kuitia risasi ambayo haikuwemo, na kuisogeza kwa mguu si salama zaidi. Inaachwa pale ilipo, watoto wanaondolewa, mahali panawekwa alama ya mti au mawe kwa mbali, na chifu wa mtaa au wale wanaoshughulika na mabomu ya kutegwa wanaitwa.